Filamu ya Mishumaa Isiyo na Watu

Kila asubuhi kabla ya shule, Vigga na mama yake walikula uji wa shayiri huku mshumaa mmoja ukiwaka katikati ya meza. Mwezi wa Novemba, katika mji wetu wa Hjelmby, kaskazini ya mbali, jua huchelewa sana kutoka, na nyumba isiyo na mshumaa asubuhi huonekana kama nyumba yenye mgonjwa. Mama alikula haraka kwa sababu zamu yake ilianza mapema. Akimaliza, aliubana utambi kwa vidole viwili, moto ukazimika, kisha akavaa koti na kupanda baiskeli. Vigga alibaki kuosha vibakuli na kufunga mkate wake mweusi wenye maini ya kusaga, halafu naye akatoka na baiskeli yake kuelekea shuleni.

Mama yake aliitwa Gitte. Alifanya kazi katika kiwanda cha mishumaa kilicho nyuma ya kituo cha treni. Watoto wote wa mji walikijua kiwanda hicho kwa harufu yake. Upepo ukivuma kutoka huko, nguo zilizoanikwa nje zilinuka nta.

Jumatatu moja mwalimu wao, Merete, aliwaambia wanafunzi wa darasa la sita kwamba watatengeneza filamu fupi wawili wawili. Kila filamu ionyeshe jinsi kitu cha kila siku kinavyotengenezwa, kiwe kiatu, ufunguo, mswaki au chochote kile. Ila isiwe na neno hata moja. Asiwepo mtu wa kueleza, yasiwepo maandishi. Mtazamaji aelewe kwa macho yake, na kwa sauti za kazi yenyewe. Tena mtu yeyote atakayeonekana awe amekubali kwanza. Filamu zingeonyeshwa ukumbini jioni ile ambayo wazazi huja kula vitumbua vya Krismasi.

Vigga alipangwa na Laust, mvulana mrefu mwenye kamera nzuri na mdomo usiotulia. Vigga alipendekeza mishumaa. Laust akakubali mara moja.

"Itakuwa rahisi," alisema. "Pale mashine ndiyo inafanya kila kitu. Mama yako si anabonyeza kitufe tu, halafu anangoja muda wa kahawa?"

Watoto wa meza ya jirani wakacheka. Vigga alihisi masikio yakimwaka. Angeweza kujibu mengi, lakini alichosema ni kwamba Laust aje aone mwenyewe. Tangu dakika hiyo alitaka kitu kimoja tu: jioni ya vitumbua ikifika, ukumbi mzima uione kazi ya mama yake.

Meneja wa kiwanda aliwaruhusu bila shida. Siku ya pili waliingia na kamera, wamevaa makoti meupe yaliyowafika miguuni. Ndani kulikuwa na joto, na mtambo mkubwa wa mduara ulikuwa ukizunguka polepole. Juu yake zilining'inia fremu za chuma, na kwenye kila fremu zilifungwa tambi nyingi za pamba. Fremu ilishuka, tambi zikazama kwenye tangi la nta, ikapanda tena, ikasogea ili nyingine ishuke.

Shida ilikuwa watu. Hapa kwetu mtu hajionyeshi. Ukinunua gari jipya, unaliegesha nyuma ya nyumba. Ukisifiwa keki yako, unasema imeungua kidogo chini. Kwa hiyo kila Laust alipoinua kamera, wafanyakazi walisogea pembeni kana kwamba mvua imeanza kunyesha. Mzee mmoja aitwaye Preben, ambaye kazi yake ilikuwa kupandisha fremu kwenye mtambo, alijificha nyuma ya nguzo, ingawa tumbo lake lilibaki nje. Walipoishusha kamera, kila mtu alirudi kazini. Walipoiinua, wote wakayeyuka tena.

Vigga alimfuata mama yake na kumwomba asimame tu pale anaposimama siku zote. Mama alifuta mikono kwenye aproni.

"Piga picha za mashine, mwanangu," alisema. "Sisi hatuna cha kuonyesha. Watu watasema nini?"

Basi wakapiga picha za mashine tu.

Kesho yake waliionyesha kazi yao darasani. Ilikuwa nzuri kutazama. Nta ilimeremeta, fremu zilipanda na kushuka, na mwishowe mishumaa ikalala ndani ya maboksi, myeupe na iliyonyooka. Msichana mmoja aliuliza kama kuna mtu yeyote anayefanya kazi pale. Laust hakucheka. Alifungua tu viganja vyake, kama anayesema, si mmejionea wenyewe. Jambo hilo lilimuuma Vigga kuliko lile la kwanza.

Alasiri hiyo alimwomba Laust kamera na kupitia kiwandani. Mara nyingi alikwenda kumngoja mama yake amalize zamu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumwona. Ila siku hiyo hakukaa kwenye benchi lake. Aliingia nyuma ya rundo la maboksi, akapenyeza kamera kwenye mwanya, akaanza kupiga picha.

Hakuwahi kumtazama mama yake kwa muda mrefu namna ile. Tambi zilipotoka kwenye nta kwa mara ya kwanza zilikuwa zimejikunja ovyo. Mama alizipitia kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, akizivuta chini taratibu kabla nta haijakauka. Akikawia, zinakauka zikiwa zimepinda, na mshumaa uliopinda tangu mwanzo haunyooki tena. Fremu ikazama, ikatoka, ikapoa. Mama alipeleka mgongo wa mkono karibu na tangi, akafikiri kidogo, kisha akapunguza moto. Nta ikiwa na joto kupita kiasi, inayeyusha tabaka lililotangulia badala ya kuongeza jipya. Ikiwa baridi, mshumaa unaota vinundu. Akaigusa fremu, akampigia Preben mluzi mfupi, na Preben akapandisha nyingine bila hata kugeuka. Waliendelea hivyo bila kusemezana, na kila fremu ilipozunguka, mishumaa ilikuwa imenenepa kidogo tu, kiasi ambacho jicho la haraka lisingekiona.

Laust alipozitazama picha hizo siku iliyofuata, mdomo wake ulitulia. Alirudisha nyuma pale penye vidole, akatazama tena.

"Kwa hiyo amekubali?" aliuliza.

"Amekubali," Vigga alijibu, akijishughulisha na zipu ya mkoba wake.

Waliziunganisha picha siku hiyo hiyo. Merete alipoona, alisema filamu yao ndiyo itakayofungua jioni ya wazazi. Vigga alipaswa kufurahi. Alipanda baiskeli kurudi nyumbani akijaribu kufurahi, lakini haikuwezekana.

Wakati wa chakula cha jioni Mama alikuwa mchangamfu kuliko kawaida. Alieleza kwamba wenzake kazini walikuwa na wasiwasi, wakidhani watoto watarudi tena na kamera yao. Yeye aliwatuliza.

"Nimewaambia, Vigga nikishamwambia neno, limeisha," alisema, akimwongezea binti yake mchuzi kwenye viazi. "Nimewaambia huyo ni mtu wa kuaminika."

  Vigga aliweka uma chini. Akasimulia yote, tangu rundo la maboksi hadi uongo aliomwambia Laust, kisha akaleta simu aliyohifadhia filamu na kuiweka mbele ya mama yake.

Mama aliitazama mpaka mwisho.  Akaweka simu mezani, kioo kikiwa chini.

"Umepiga vizuri," alisema. "Lakini hukuniuliza. Nilikuwa nafanya kazi pale nikidhani niko peke yangu, kumbe kuna jicho."

Vigga alianza kulia na kusema ataifuta. Mama akamwuliza, na Preben je? Si naye yumo ndani? Kesho ilikuwa Ijumaa, siku ambayo wafanyakazi hukaa pamoja kula keki. Vigga angekwenda awaambie mwenyewe, kwa mdomo wake.

Asubuhi alianza na Laust, pale wanapofungia baiskeli. Laust alikasirika kweli. Alisema Vigga alikuwa karibu kumfanya na yeye mwongo mbele ya mji mzima, na Merete angemkataza asiguse kamera mpaka amalize shule. Alipomaliza kufoka aliuliza hiyo keki ya kiwandani ni ya nini. Vigga alisema ya matofaa. Laust akasema basi na yeye anakuja, kwa sababu kamera ni yake.

Chumba cha mapumziko kilikuwa kidogo na kilijaa watu. Vigga alisimama karibu na mlango, na kwa sauti iliyokuwa ikikatika alisema alichofanya. Aliwapiga picha kwa kujificha baada ya kuambiwa hapana, na akasema uongo kwamba wamekubali. Aliomba msamaha. Hakuna aliyetafuna.

"Nilikuwa najikuna mgongo?" Preben aliuliza.

"Mara moja," Vigga alisema.

Watu wakacheka, na chumba kikapata hewa. Lakini Preben alisema waziwazi kwamba hakulipenda jambo hilo, na kwamba angeulizwa angekataa. Vigga akaitikia kwa kichwa. Mbele yao wote alichukua kamera akafuta kila alichokipiga nyuma ya maboksi, kisha akafuta na ile filamu iliyokuwa kwenye simu. Laust alifumba macho, kama mtu asiyetaka kuona keki ikianguka chini.

Mama yake Vigga aliuliza kama ile filamu ya kwanza ya mashine peke yake bado ipo. Ilikuwepo. Akasema waionyeshe.

Wafanyakazi wakasongamana nyuma ya kioo kidogo cha kamera. Waliziona fremu zikipanda zenyewe. Waliona tambi zilizojikunja, na papo hapo zikaonekana zimenyooka, bila mtu. Waliona moto wa tangi ukipungua, bila mtu. Maboksi yakajifunga.

"Haya, kiwanda kina mashetani," Preben alisema.

Walicheka tena, ila safari hii kicheko kilififia haraka. Mmoja alisema mbona inaonekana kama hawapo kabisa. Mwingine akajibu kwamba ndivyo walivyotaka wenyewe, si walikimbia? Mzozo mdogo ukazuka. Wengine walisema heri kutoonekana kuliko kusemwa mjini kwamba wafanyakazi wa mishumaa siku hizi wanajiona nyota wa sinema.

"Huyu mtoto nimemfundisha asiseme uongo," Mama alisema, na wote wakanyamaza kwa sababu hakuwa na kawaida ya kusema sana. "Halafu sisi watu wazima tukampa uongo huu aupeleke shuleni. Hii filamu ni ya uongo. Mishumaa haijitengenezi."

Alimgeukia Vigga. Akasema kama bado anataka, aje Jumatatu na kamera yake mbele ya macho ya watu, na aombe upya. Yeye angekubali mikono yake ipigwe picha. Sura, hapana. Preben alifikiri, akakata kipande kingine cha keki, akasema na yeye atakubali ikiwa tumbo lake halitaonekana. Laust alimwahidi kwa heshima zote kwamba atajitahidi, ingawa kamera ina mipaka yake. Hapo Preben mwenyewe alicheka zaidi ya wote.

Jumatatu haikuwa rahisi. Mama alipojua kwamba kamera inamtazama, mikono yake ilikakamaa. Alishika tambi kama mtu anayeshika miiba, na fremu mbili zikaharibika. Laust alitaka kumwelekeza afanye hivi au vile. Vigga akamvuta pembeni na kumwambia wangoje tu. Waliweka kamera juu ya kigoda na kukaa chini. Mtambo ukazunguka. Baada ya muda mrefu nta ilianza kupoa, Mama akapatwa na shughuli, na akasahau kabisa kwamba kuna kamera. Hapo ndipo vidole vyake vilipoanza kutembea kama siku zote, na Vigga akabonyeza.

Wakati wa kungoja Laust alichoka kukaa bure. Aliomba ajaribu kunyoosha tambi za fremu moja. Mama akampisha. Laust alivuta utambi wa kwanza, wa pili, akageuka kuona kama kuna anayemtazama, na aliporudi kwenye wa tatu nta ilikuwa imekwisha kukauka. Fremu ilipomaliza mizunguko yake, Preben alishusha mshumaa mmoja akauinua juu ili wote wauone.

"Huu ni mshumaa au mkia wa nguruwe?" aliuliza.

Laust alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauchukua mshumaa ule, akaugeuza mkononi, akamwuliza mama yake Vigga alijifunza kwa muda gani. Mama alisema miaka, na bado zipo siku ambazo nta humshinda. Laust hakusema tena habari ya vitufe. Walipounganisha picha, ni yeye aliyesisitiza kwamba mishumaa yake iliyopinda iwekwe ndani ya filamu, pamoja na mkono wa Preben ukiirudisha kwenye sufuria ili iyeyuke. Alisema bila hiyo watu wataona kazi ile ni rahisi, kama alivyoiona yeye.

Jioni ya vitumbua ukumbi ulijaa. Wafanyakazi wa kiwanda walikuja wote, wakakaa safu ya nyuma kabisa. Mama hakukaa. Alisimama karibu na mlango, koti lake likiwa bado limefungwa vifungo, kama mtu atakayeondoka wakati wowote. Merete alizima taa.

Hakukuwa na neno. Ilisikika sauti ya mnyororo wa mtambo, na nta ikichuruzika kutoka kwenye tambi kurudi kwenye tangi. Mikono miwili ikaingia kwenye picha. Ilikuwa mipana, na ngozi ya vidole iling'aa kwa nta ya miaka mingi. Ilivuta utambi, ikasogea, ikavuta mwingine. Haikuharakisha na haikusimama. Watoto wadogo waliokuwa wakikimbizana chini ya meza walitoka wakakaa sakafuni. Mishumaa iliyopinda ilipotokea, ukumbi mzima ulicheka, na Laust akainua mkono bila kuulizwa. Halafu mikono ile ikarudi, na kicheko kikakatika chenyewe. Sasa kila mtu alikuwa ameona jinsi inavyoweza kuharibika.

Picha ya mwisho ilikuwa boksi likifungwa kwa kiganja kilichotulia juu yake kidogo, kama unavyomgusa mtoto kichwani. Taa zikawaka.

 Kisha mwanamke mmoja wa safu ya mbele, mwenye duka la vitambaa, aligeuka nyuma na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hiyo ni mikono ya Gitte." Wengine wakageuka. Makofi yakaanza, na safu ya nyuma yote ikatazama sakafu, Preben akiwa mwekundu hadi shingoni. Lakini hakuna aliyekimbia, na hakuna aliyesema keki imeungua.

Vigga alipita katikati ya watu hadi mlangoni.  Mama alimshika bega.

"Nilidhani nitaona aibu," alisema. "Sikuona. Kila kilichokuwa pale nimekifanya kweli."

Kisha akaendelea polepole, kwa sababu alitaka binti yake alishike jambo hilo.

"Sikiliza, Vigga. Kujisifu ni kujiongezea kitu ambacho hukufanya. Hiyo ni mbaya, na wewe usiifanye. Lakini kujificha mpaka kazi ionekane haina mtu, hiyo nayo si kweli, na hilo nilikuwa sijaliona. Wewe kosa lako lilikuwa kuchukua ukweli bila kuomba, ukaufunika kwa uongo. Ulipokuja kuomba, umeona tulivyokupa. Siku zote omba kwanza. Ukikataliwa, heshimu. Ukikubaliwa, fanya kwa uangalifu, maana mtu amekuamini."

Vigga akasema amesikia, na mama yake alijua kwamba kweli amesikia.

Mbele ya ukumbi watu walikuwa wakimwomba Merete airudie filamu, kwa kuwa waliochelewa kwa ajili ya vitumbua hawakuiona. Merete aliangalia mlangoni, akamwuliza Mama kwa macho kama inafaa. Mama alifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalining'iniza. Akamshika Vigga mkono, wakapita pamoja katikati ya viti, na akaketi safu ya kwanza.